Miaka 450 ya chupa ya plastiki ilipimwa na nani?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie lile jedwali ambalo magazeti na mabango ya mazingira hayachoki kulirudia: ganda la ndizi huoza kwa wiki kadhaa, gazeti wiki sita, kopo la alumini miaka 200, chupa ya plastiki miaka 450, chupa ya kioo miaka milioni moja. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba jedwali hilo linakipa kila kitu muda wake wa kuoza pasipo kusema kimetupwa wapi.

Chukua hiyo chupa ya plastiki. PET, plastiki inayotengenezewa chupa za maji na soda, iligunduliwa Uingereza mwaka 1941, na chupa zenyewe zikaja miaka ya 1970. Hakuna hata moja iliyokwisha kutimiza karne, sembuse karne nne na nusu. Miaka 450 ni makisio. Njia moja ya kukisia ni kufukia kipande cha kitu kwenye udongo au mboji, kisha kupima kabonidioksidi inayotolewa na vijidudu wanaokila. Kwa ganda la ndizi kipimo hicho hakina shida. Kwa plastiki nyingi tunazotumia, gesi inayotoka ni kidogo mno, na kuivuta hesabu hiyo hadi karne kadhaa mbele ni kubahatisha.

Sasa gazeti. William Rathje, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Arizona nchini Marekani, alianzisha mwaka 1973 mradi wa kuchunguza takataka, na baadaye timu yake ikachimba madampo yenyewe. Walifukua magazeti yaliyolala humo miongo kadhaa, na yalikuwa yanasomeka vizuri kiasi kwamba tarehe zake ndizo walizotumia kujua umri wa tabaka la taka. Hata soseji walizikuta. Wiki sita zilienda wapi? Dampo la kisasa hushindiliwa na kufunikwa, hewa haipenyi na maji ni haba. Lignini, kitu kinachoipa mbao ugumu wake na ambacho kimo tele kwenye karatasi ya gazeti, haivunjiki kwa urahisi pasipo oksijeni. Vijidudu wanaoweza kuishi bila hewa hula polepole, tena wakila hutoa methani, gesi inayoshika joto zaidi ya mara 25 kuliko kabonidioksidi katika kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo hata ganda la ndizi, tunalolihesabu kuwa halina hatia, likifukiwa damponi lina madhara yake. Mahali pake ni kwenye mboji.

Kuna mkanganyiko mwingine unaoniudhi zaidi, wa kuchukulia kumeguka kuwa ndiyo kuoza. Shika mfuko wa plastiki uliopigwa jua kwa muda mrefu: ukiukunja tu, unapukutika mkononi kama magamba ya rangi kuukuu. Mionzi ya jua na oksijeni vimekatakata minyororo ya molekuli zake. Mfuko haupo tena, lakini plastiki ipo, imekuwa chembe zisizookoteka.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walionyesha jambo hili vizuri katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019. Walichukua mifuko ya aina mbalimbali, ikiwemo iliyoandikwa kwamba inaoza, wakaitundika hewani, wakaifukia udongoni na kuizamisha baharini. Hewani yote ilivunjika vipande ndani ya miezi 9, hata ule wa plastiki ya kawaida. Udongoni na baharini, baada ya miaka mitatu, mfuko wa kawaida na ule “unaooza” yote bado iliweza kubeba mizigo ya dukani! Mfuko uliotengenezwa ili uweze kugeuka mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini udongoni ulikuwepo bado baada ya miezi 27, ingawa haukuweza tena kubeba kitu. Je, huo tuuandikie miezi mingapi kwenye jedwali?

Mambo ni yaleyale kwa vikombe vya plastiki itokanayo na mahindi. Vinaoza, ndiyo, lakini kwenye mitambo ya mboji yenye joto la karibu nyuzi 60. Kando ya barabara hakuna joto hilo.

Kioo sina la kusema sana juu yake. Hakiliwi na kijidudu chochote, na hiyo milioni moja ni njia tu ya kusema “muda mrefu sana”. Na kopo la alumini la kufukiwa la nini, ikiwa kuliyeyusha upya kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuzalisha alumini mpya?

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkilichapisha tena jedwali hilo, ongezeni safu mbili: moja iseme kitu kimetupwa wapi (juani, majini, damponi au kwenye mboji), nyingine iseme kama kinaliwa na vijidudu kikaisha au kinameguka tu. Kwenye mstari wa chupa ya plastiki, futeni 450 na mwandike kwamba hakuna aliyewahi kuiona ikiisha.

Msomaji wenu wa siku nyingi