Nani kampa jina hilo?

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku sote hatujambo, ila babako na goti lake. Suala lako la watu wanaokiuka maadili, kwamba ni nani hasa anayeamua huyu ni mkosaji, nilikwambia nitalijibu kwa kalamu, maana salio lilikuwa linakata na jambo lenyewe refu.

Umesema hapo chuoni Tunguu mmesomeshwa Durkheim, yule mwanasosholojia wa Kifaransa aliyeandika mwaka 1895 kwamba hakuna jamii isiyo na wakosaji, na hata wangekaa mawalii watupu, kosa dogo lingekuzwa likawa kubwa. Nakubaliana naye. Mtaani kwetu wezi wachache, alhamdulillahi, ndiyo maana mtoto wa kike akicheka kwa sauti barabarani husemwa mpaka Ijumaa.

Na makosa yenyewe yanahama. Baada ya Mapinduzi, kijana aliyevaa bugaluu, suruali zile pana chini, au kufuga nywele aliweza kukamatwa njiani. Wajomba zako walizivaa kwa kujificha, picha zipo, na leo ndio wanaokukemeeni nyinyi kwa suruali za kubana.

La mimba halichekeshi. Sheria ya Zanzibar ya 1985 ilimpeleka jela msichana aliyeshika mimba nje ya ndoa. Mwaka 2005 ikabadilishwa, kifungo hicho kikaondoka. Sisemi zinaa imehalalika, hasha. Nasema kitendo ni kilekile, ila mmoja kalala jela na mwenzake wa baadaye kalala kwao. Mwanamume naye sheria ilimtaja, lakini tumbo ndilo linaloonekana, na macho ya watu huenda kwenye tumbo. Vinywa vya mtaani, hivyo havikubadilishwa na Baraza la Wawakilishi.

Mkifika kwa Howard Becker, mwanasosholojia wa Kimarekani, msome kwa utulivu. Mwaka 1963 alisema mkosaji machoni pa jamii ni yule aliyebandikwa jina hilo likamganda. Hapo ndipo nitakapo ushike, kwa sababu hili tunalo nyuma ya ukuta wetu.

Yule kijana wa jirani unamjua. Alikuwa akitumia unga, dawa za kulevya, na aliiba. Hata sufuria yangu ya biriani alikwenda nayo. Wizi ni wizi, sikumtetea siku ile na simtetei leo. Akapelekwa soba hausi, nyumba ya kuachishwa unga, huko Unguja, karudi mzima, kanenepa, anafanya kazi. Lakini akitokea msikitini, utaona wazee wazima wanaokota makubadhi yao mlangoni wanaingia nayo ndani. Dukani chenji yake huwekwa juu ya meza, haitiwi mkononi. Watoto wanamwita teja, na watoto hawakulitunga wao, wamelisikia barazani. Alipotaka kuposa, wenye binti hawakuuliza anasali wala anapata nini kwa siku. Unga kauacha, jina limekataa kumwacha. Sasa mtu kama huyo, siku kifua kikimbana, ataenda kukaa na nani? Kwa walewale wa zamani, maana huko hakuna anayemtazama mikono. Na akirudi huko, baraza nzima itasema, "Si tulisema?"

Wakati huohuo yuko mtu hapa aliyekula fedha za kisima. Sote tunajua, na wanawake bado wanabeba ndoo. Harusini hutengewa kiti cha mbele na kuitwa mheshimiwa. Muulize mwalimu wako huyu anamweka fungu gani. Mimi nina jibu langu, ila si la kuandika kwenye karatasi.

Ukija Idi, baiskeli ya babako mnyororo umekatika. Mpelekee kijana huyo, ana kibanda chake karibu na soko na mkono wake mzuri. Umlipe kamili, usitake kupunguziwa kwa ujirani. Na habari ya sufuria usimtajie. Alishaniletea nyingine, ndogo kuliko ile, nami nimeipokea.

Mamako