Chanzo cha moto wa betri za umeme kisiwe siri ya kampuni

Mhariri,

Pikipiki za umeme zinaongezeka katika barabara za Nairobi, nami naunga mkono mabadiliko hayo kwa dhati, kwa kuwa yanampunguzia mwanabodaboda gharama ya mafuta na kutuondolea moshi. Linalonitia wasiwasi ni usiri. Kampuni yenye betri ndiyo yenye kumbukumbu za joto na chaji yake, na isipozitoa kwa hiari, mtafiti na mzimamoto hubaki kukisia kwa nini iliwaka.

Betri ya lithiamu haiungui kama petroli. Seli moja kati ya nyingi zinazounda betri ikipata shoti, ikipondwa au ikiwa na kasoro ya kiwandani, huanza kuzalisha joto yenyewe, joto hilo likaziamsha seli za jirani, na mfululizo huo ukishashika kasi husaidia zaidi maji mengi ya kuipoza. Hata ikizimwa, yaweza kuwaka tena saa kadhaa baadaye, na moshi wake huwa na haidrojeni floraidi, sumu inayodhuru mapafu.

Agosti 2024, mjini Incheon, Korea Kusini, gari la umeme lililoegeshwa chini ya majengo ya makazi liliwaka na kuharibu magari mengine mengi. Ni baada ya mkasa huo ndipo watengenezaji wengi wa magari walipotangaza huko majina ya kampuni zilizowaundia betri, taarifa ambayo mnunuzi alistahili kuipata tangu mwanzo.

Sisi nasi tuna maswali yanayohitaji kupimiwa hapa. Betri inayorushwa kwenye mashimo kutwa, ikaloweshwa na mvua ya masika, kisha ikachajiwa ingali na joto katika kituo cha kubadilishia betri na kupewa mwendeshaji mwingine, hudhoofika vipi? Betri za lithiamu zenye fosfati ya chuma hustahimili joto kuliko zile zenye nikeli na kobalti, lakini nazo huwaka.

Kwa hiyo naiomba KEBS, shirika la viwango la Kenya, iziunganishe kampuni zenye vituo vya kubadilishia betri, wahandisi wa vyuo vikuu vyetu na wazimamoto wa kaunti katika utafiti mmoja, ambapo kila betri iliyovimba, iliyofuka moshi au iliyoungua itafikishwa maabara, ifunguliwe, na matokeo yawekwe wazi kwa wote. Bei na majina ya wateja yabaki siri. Chanzo cha moto kisifichwe. Waendeshaji, ambao ndio hukaa juu ya betri hizo, wawe na wawakilishi wao katika kazi hiyo tangu siku ya kwanza.

Msomaji,
Nairobi