Vermouth si pombe kali, ni mvinyo wa pakanga

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu vinywaji vya sherehe iliiweka vermouth kundi moja na gini na wiski. Naomba msahihishe, kwani kosa hilo hilo ndilo ninalopambana nalo kila muhula kwa wanafunzi wangu wa hoteli.

Vermouth ni mvinyo. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, angalau asilimia 75 ya kilichomo lazima iwe mvinyo wa zabibu, ukaongezewa pombe kidogo, mitishamba na viungo. Kilevi chake hakifiki asilimia 22, ilhali gini huko huko hairuhusiwi kushuka chini ya 37.5.

Jina lenyewe linajieleza. Wajerumani wana mmea mchungu wanaouita Wermut. Wafaransa wakalitamka neno hilo kwa ulimi wao, likawa vermouth. Nasi mmea huo tunao kwa jina: pakanga! Aliyesoma Mithali 5:4 anaujua uchungu wake, na ile nyota ya Ufunuo 8 iliyoyatia maji uchungu iliitwa Pakanga. Basi mwandishi wenu hakuwa na sababu ya kuikosea vermouth. Chupa isiyo na mmea wa jamii ya pakanga, Ulaya hairuhusiwi hata kuitwa vermouth.

Vermouth tunayoijua leo inahesabiwa kuanzia Turin, Italia, mwaka 1786, kwa Antonio Benedetto Carpano. Hiyo ilikuwa tamu. Ile kavu (isiyo na utamu mwingi) ya Kifaransa ilifuata, kwa Joseph Noilly.

Jambo moja naulizwa sana: je, inatibu malaria? Hapana. Kiungo kimoja cha dawa mseto ya malaria hutokana na mmea wa Artemisia annua, ambao hulimwa pia Afrika Mashariki. Pakanga ya vermouth ni Artemisia absinthium. Ni ndugu, lakini kazi zao ni mbali mbali, na mgonjwa aende hospitali.

Kinachoniuma zaidi ni jinsi tunavyoihifadhi. Kwa kudhani ni pombe kali, wahudumu huiacha wazi rafuni miezi na miezi kando ya wiski. Niliwahi kumiminiwa iliyokwisha kuchacha, na mhudumu akaniapia kwamba ndiyo ladha yake. Ikishafunguliwa ikae kwenye friji, imefungwa vizuri, na iishe ndani ya mwezi mmoja au miwili.

Mwalimu wa huduma za vinywaji,
Arusha