Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wetu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni na karibuni sana.

Mgeni rasmi, asante kwa kuja, tunajua ratiba yako imebana. Klabu yetu ni ya kidato cha tatu na cha nne, tunakutana maabara Jumamosi, na mwaka huu tumekomaa na nanoteknolojia, yaani vitu vidogo mno, kuanzia nanomita 1 mpaka 100 hivi, wakati unywele mmoja tu una upana wa kama nanomita 80,000 hadi 100,000. Kitu kikishakuwa kidogo hivyo tabia zake zinabadilika, hata rangi.

Mfano upo zahanati. Unaenda na homa, nesi anakutoboa kidole, tone la damu linaingia kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria, anadondoshea bafa, ile dawa ya maji ya kusukuma damu kwenye kipimo, unasubiri kidogo mistari inatokea. Ule wekundu kwa vipimo vingi ni dhahabu mgeni rasmi, dhahabu kabisa, ila chembe zake ni ndogo sana mpaka hazionekani za njano tena. Zimebandikwa kingamwili zinazonasa protini ya vimelea vya malaria, zikinasa zinarundikana kwenye mstari ndo tunauona. Hicho ni kihisi cha nano na wengi wetu hapa tumeshapimwa nacho toka wadogo.

Kwenye umeme ndo tumetumia muda mwingi zaidi. Mwaka 1991 kule Lausanne, Uswisi, Brian O'Regan na Michael Grätzel walionyesha seli ya sola isiyotumia silikoni, wakatumia chembe za nano za titani dayoksaidi, ule unga unaotia weupe kwenye rangi za ukutani, wakazipaka kwenye kioo kinachopitisha umeme na kuzilowesha rangi inayokamata mwanga. Chembe zikiwa ndogo sehemu ya kushikia rangi inakuwa kubwa sana, siri yote ipo hapo. Sisi rangi tumetumia choya, hii hii ya juisi, kioo cha pili tukakisugua na penseli maana ile nyeusi ni kinywe, madini ambayo Mahenge yapo mengi tu, katikati tukaweka ayodini, tukatoka nayo juani na mita ikasoma volti kama 0.4. Ni umeme mdogo, taa hauwashi, na rangi ya choya inapauka haraka, lakini tulishangilia mpaka mwalimu wa zamu akaja kuuliza kuna nini. Ipo meza ya dirishani, tutafurahi ukiipima mwenyewe.

Na hizi kazi sio za Ulaya tu. Hapo Tengeru, chuo cha Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alitengeneza Nanofilter, chujio la maji linalounganisha mchanga na nanomateria, na mwaka 2015 akachukua tuzo ya Africa Prize ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Sisi wa chini ya Mlima Meru hilo linatugusa, angalia meno ya watoto huku yalivyo na madoa ya kahawia, ni floraidi hiyo, madini yaliyomo kwenye maji tunayokunywa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini floraidi huioni wala huisikii kwenye ulimi, maji yanaweza kuwa meupe safi na bado yakawa nayo nyingi.

Hapo ndo tumekwama mgeni rasmi. Tunataka tupime visima vya vijiji vyetu wenyewe, kimoja kimoja, tuwapelekee wazee wa mtaa majibu, na kipimo cha floraidi hatuna. Vioo vya kupitisha umeme navyo havipo maduka ya vioo mjini, vinaagizwa. Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata kipimo hicho kwanza, vioo vifuate, na kama inawezekana utuombee siku moja ya kwenda Tengeru kuona maabara zao, nauli wazazi wameshasema watachanga.

Tunaomba kuwasilisha.