Mtambo wa hewa mlionifungia Malindi haujasawazishwa, njooni mumalize kazi

Kwa Meneja,

Assalaam alaykum. Mie ndo mwenye gesti ya Malindi hapa Unguja, ile nyumba ya zamani ya mawe na chokaa mliyonifungia mtambo wa kubadilisha hewa, ule unaotoa hewa chafu na kuingiza mpya bila ya kuipoteza baridi ya AC. Nshapiga simu mpaka yule binti wa mapokezi ananijua kwa sauti, leo fundi yuko shamba, kesho fundi kavuka Pemba, basi nimeona nikuandikie wewe mwenyewe yawepo maandishi.

Shida yenyewe ni kuwa mtambo unatoa hewa nyingi kuliko unayoingiza. Ukishika kipande cha karatasi ya chooni kwenye upenyo wa dirisha kinavutwa ndani, na mlango wa chumba cha juu ukirudishwa unapiga mbinja usiku kucha. Bafu ambalo halijatumika muda mrefu maji ya kwenye shimo la sakafu yanakauka, na nyumba ikishaanza kuvuta basi harufu ya karo yote inapanda chumbani. Sasa mgeni aliyelipia chumba unamwambia nini?

Fundi wenu siku ya kukabidhi alipanda ngazi, akaweka kiganja kwenye matundu ya dari, akasema "inapuliza vizuri bimkubwa", akashuka. Kipimo hana. Nilipomuuliza mbona hapimi akanambia mashine imeshasetiwa kiwandani. Kiwanda gani hicho kinachojua mabomba yangu yana kona ngapi na yamepita wapi? Kila bomba refu na kila kona inaipunguza hewa kasi, ndo maana kazi hii haimaliziki mpaka pale pale kwenye nyumba: filta ziwe safi, milango na madirisha yafungwe, feni za bafuni zizimwe, kila tundu lipimwe kwa anemomita, kile kipimo cha kasi ya hewa, zijumlishwe zinazoingia na zinazotoka, halafu dampa, vile vibati vya ndani ya bomba vya kubana na kufungulia hewa, na spidi za feni zirekebishwe mpaka tofauti isizidi asilimia 10. Na kwa huku kwetu kwenye AC na unyevu hivi, ni bora inayoingia izidi kidogo kuliko inayotoka, siyo kinyume chake.

Nikatafuta fundi mwengine kwa pesa yangu, akapima. Inayoingia mita za ujazo 160 kwa saa, inayotoka 245. Hizo 85 za katikati lazima zitoke mahali, na zinaingia kutoka nje kupitia nyufa za madirisha ya mbao, hazipiti kwenye filta wala kwenye mtambo. Hewa ya hapa Unguja kwenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75 inabeba gramu kama 23 za maji kwa kila mita ya ujazo, na ndani ya chumba kilichopoa vizuri zinatakiwa kiasi cha 12. Pigeni hesabu wenyewe, ni karibu lita moja kila saa, ndoo nzima ya maji kwa siku inaingia nyumbani kwangu, AC zinafanya kazi ya kukamua maji badala ya kupoza, bili ya umeme sitaki hata kuitaja, na ukuta wa chokaa ushaanza kuota kuvu nyuma ya kabati na plasta inabanduka vipande vipande.

Halafu hili la maji ya darini, maana hili ndo lililonikera zaidi. Kiini mlicholeta, ile sehemu ya ndani ya mtambo ambamo hewa inayotoka na inayoingia zinapishana, ni cha plastiki, kinapitisha joto tu, unyevu hakishughuliki nao, na invoisi yenu imeandikwa cha aina inayopitisha unyevu pia. Haya tuseme ndo kishafungwa. Kwenye nchi za baridi hewa ya ndani ndo yenye mvuke, ikipoa inapotoka inadondosha maji, kwa hiyo bomba la kutolea maji linakaa upande wa hewa inayotoka. Hapa kwetu ni kinyume, hewa ya nje ndo iliyoshiba maji, inakutana na ubaridi ikiwa inaingia, maji yanadondokea upande wa hewa inayoingia. Nyinyi mmeweka trei na bomba upande wa kutokea kama vile nyumba iko Ulaya wakati wa theluji! Tangu Masika ianze maji yanajikusanya juu ya jipsamu, pana duara la rangi ya chai juu ya kitanda, na juzi lilitona mgeni akiwa amelala.

Na servisi mnayoiita ya kila miezi mitatu jamani. Fundi alitoa filta, akaigongesha kwenye ukuta wa varanda vumbi likamrukia mwenyewe, akairudisha na mshale wa upepo ukiangalia kinyume, akasaini karatasi. Pale ni karibu na bandari, chumvi na vumbi vinaziba filta haraka, ilitakiwa akague kila mwezi na ibadilishwe ikishachoka, na filta ya upande mmoja ikiziba tu hata mtambo uliosawazishwa unaharibika mizani. Kiini chenyewe hakijawahi kuchomolewa kusafishwa.

Ninachotaka: mlete kiini kilichoandikwa kwenye invoisi, trei na bomba la maji vihamishwe upande wake, filta mpya ziwekwe, ndo hapo mtambo usawazishwe kwa kipimo mbele yangu na mniachie karatasi yenye namba za kila tundu na alama ya kila dampa ilipowekwa. Jipsamu iliyoharibika ni juu yenu. Awamu ya mwisho ya malipo nnayo na sitoi hata shilingi mpaka karatasi hiyo niwe nayo mkononi, na kama hamtaki semeni nimpe kazi yule fundi mwengine nikate gharama yake humo humo.

Njooni asubuhi wageni wakishatoka, siyo Ijumaa mchana. Ufunguo wa darini anao mlinzi na ngazi ipo, nyinyi leteni anemomita.

Mwenye gesti, Malindi