Njia panda yetu inataka kipilefti, si taa

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tabora. Kibanda changu kiko chini ya mwembe, hatua chache kutoka pale barabara ya mtaani kwetu inapokata ile ya lami iendayo Nzega. Ajali za njia panda hiyo sisimuliwi, naletewa. Juzi mwanafunzi wa shule ya msingi alinijia akiburuta baiskeli ya baba yake, ringi ya mbele imejikunja nane, spoku zimechomoka, kiwiko kimechubuka. Bajaji ilikuwa inawahi abiria, yeye anawahi namba. Ringi niliinyoosha bure, ila alikuwa anaogopa kurudi nyumbani kuliko alivyoogopa bajaji.

Sasa mtaani watu wanadai taa za kuongozea magari. Mimi nataka kipilefti, yaani duara katikati ya njia panda ambalo magari yote yanalizunguka. Taa zinapendeza, sikatai, na kwenye barabara pana zenye foleni ya kweli zina kazi. Kwetu hakuna foleni. Tatizo letu ni kasi, na kila mtu kuamini kwamba mwenzake ndiye atakayesimama. Halafu umeme wenyewe tunaujua. Siku ukikatika, taa zinabaki nguzo tu, na huyo aliyezoea kuambiwa na taa apite lini ndiye wa kwanza kujitosa. Na saa nne usiku, barabara nyeupe, ni bodaboda gani atakayesubiri nyekundu?

Trafiki akisimama pale asubuhi, mambo yanakwenda vizuri. Akiondoka, yanaondoka naye. Matuta nayo tumeyaona kwingine: bodaboda anayakwepa kwa pembeni, kwenye kipande kilekile anachopita mama mwenye beseni la maembe kichwani.

Mpwa wangu anasomea ujenzi wa barabara. Alipokuja likizo nilimuuliza, akachukua spoku mbovu akanichorea mchangani. Barabara mbili zikikatana, kila moja ya kwenda na kurudi, alama za mahali magari yanapoweza kugongana zinafika 32. Akafuta kwa kiganja, akachora duara katikati. Zikabaki 8. Na hizo 8 si za kukutana uso kwa uso wala za kumpiga mwenzako ubavuni, kwa sababu kwenye kipilefti wote mnazunguka upande mmoja. Gari haliwezi kupita pale mshale. Lazima lipinde, na likipinda linapunguza mwendo hata kama dereva hataki. Kisheria mwendo wa mjini mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Kibao kinachosema hivyo hakijawahi kumkunja mtu usukani.

Nilimbana kuhusu malori ya tumbaku, yale marefu yenye tela. Akasema ukingo wa duara unajengwa wa chini na mteremko mdogo, tairi la nyuma likikosa nafasi linaupanda na kushuka. Vivuko vya miguu vinarudishwa nyuma ya duara kwa urefu wa gari moja hivi, ili dereva amalizane na mtoto anayevuka kwanza, ndipo aangalie nani anatoka kulia. Na njia iwe moja tu kila upande. Ukiweka mbili, sisi wa baiskeli tumekwisha.

Najua nitaambiwa watu wetu hawajui kipilefti, na kweli wapo wanaokatiza kinyume ili wasizunguke. Lakini hata Waingereza, waliotuachia huku kuendesha kushoto (na jina lenyewe la kipilefti limetokana na vibao vyao), walikuwa wakibanana humo hadi mwaka 1966 walipoweka sheria ya kumpisha aliyekwisha kuingia. Ni jambo la kufundishika. Wiki mbili za kwanza asimame trafiki, aelekeze.

Wakati tunasubiri, lipo la kufanya kesho: kuisafisha kona. Kona ile imezibwa na magunia ya mkaa, meza ya chipsi na, niseme ukweli, kibanda changu. Anayetoka mtaani haoni lami mpaka pua ya baiskeli iwe imeshaingia barabarani. Ombi lenyewe la kipilefti inafaa lipelekwe kote kuwili kwa siku moja, kwa sababu barabara kubwa iko chini ya wakala wa serikali, TANROADS, na za mitaani, tangu 2017, ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, na njia panda yetu imekaa katikati yao.

Mimi nimeshapata mahali pengine, nyuma ya mashine ya kusaga. Mwembe wauache. Matawi yake yako juu, hayamzibi mtu macho.

Fundi baiskeli,
Tabora