Mfereji wa Kivumbini haukupewa medali

Kwa Mhariri,

Nilisoma barua ya ndugu mmoja aliyekumbuka utoto wake wa mpira na ngumi katika mitaa ya chini ya Nakuru, na sina la kumpinga. Timu yetu ya soka, Nakuru All Stars, walitwaa ubingwa wa ligi ya taifa mwaka 1963, hilo hakuna wa kutunyang'anya. Bondia Philip Waruinge alirudi kutoka Olimpiki ya Mexico na medali ya shaba mwaka 1968, kisha akaleta fedha kutoka Munich mwaka 1972, na hata sisi wasichana ambao hatukuruhusiwa kusogelea ulingo tulijua jina lake. Ila nilipofika mwisho wa barua niligundua kwamba katika mtaa mzima wa ndugu huyo hakuna mtu aliyechota maji. Wavulana wanacheza mpira, wanapigana ngumi, jioni wanaoga na kulala. Hayo maji yalitoka wapi? Na jezi ilifuliwa na nani?

Mimi nililelewa mtaa wa Kivumbini, kwenye nyumba za manispaa, baba akiwa mfanyakazi wa reli. Tulikuwa na chumba kimoja na pazia katikati: ndani kitanda cha wazazi, nje mkeka wetu watoto, na stovu ya mafuta ya taa kando ya mlango. Kaka alipobalehe akawa analala kwa rafiki yake mstari wa pili, maana pazia lilishaanza kumwonea haya. Jina la mtaa nalo halikutolewa bure. Kiangazi kikizidi na ziwa likirudi nyuma, upepo ulituletea vumbi jeupe la magadi. Ukianika shuka, unaianua ikiwa chafu kuliko ulivyoitoa kwenye karai.

Mfereji, yaani bomba la maji, ulikuwa mmoja kwa mistari kadhaa ya nyumba. Maji yalianza kutiririka kabla ya jua kutoka, na kwa hivyo madebe yalipangwa foleni tangu usiku. Asiye na debe la ziada aliweka jiwe, na jiwe hilo liliheshimiwa kama mtu. Mama mjamzito hakungoja, na nyumba yenye msiba haikungoja. Wengine wote mlisubiri, hata ungekuwa binti wa karani. Niliwahi kuona wanawake wawili watu wazima wakivutana vilemba kwa sababu ya jiwe lililosogezwa hatua moja, na jioni ile ile mmoja akampelekea mwenzake chumvi.

Lugha nilijifunzia hapo, si shuleni. Nilijua kuomba maji kwa Kijaluo, *pi*, na kwa Kiluhya, *amatsi*. Kikikuyu kilinitesa: neno lake la maji usipolivuta vizuri linageuka kinyesi, na mama wa nyumba ya pili alikuwa akinirudisha makusudi niliombe tena ili foleni nzima icheke. Kiswahili ndicho kilichotuamulia ugomvi, kwa kuwa hakikuwa cha mtu. Chama cha kwanza cha mama yangu cha kuchanga pesa pia kilizaliwa pale, shilingi tano kila Jumamosi, na mtunza hazina alichaguliwa kwa sababu moja tu: hakuwahi kuruka foleni. Sufuria kubwa zilizopikia harusi ya dada yangu zilinunuliwa na mfereji.

Maji yenyewe yalituacha na alama. Maji ya visima vya upande huu wa Bonde la Ufa yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, nayo humpaka mtoto meno rangi ya chai kabla hata hajajua chai ni nini. Miaka nikifanya kazi Mombasa nilikuwa nikikutana na mtu, akicheka tu, simuulizi kwao ni wapi. Mimi mwenyewe hucheka nimefunika mdomo mpaka leo. Ndugu aliyeandika barua hakutaja meno. Pengine wanaume hawajali, au pengine kwao waliletewa maji mengine.

Sitaki kuupaka mtaa asali. Karani wa kodi alikuwa akija na kufuli lake, na nyumba iliyochelewa ilifungwa vyombo vikiwa ndani, watoto wakiketi nje na madaftari. Choo kimoja kilihudumia familia nyingi, na msichana hakuthubutu kwenda usiku bila kumwamsha mtu. Halafu Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, watu waliokunywa mfereji mmoja miaka thelathini wakaanza kuulizana majina ya ukoo. Mama wa nyumba ya pili aliondoka usiku na godoro moja. Mama yangu alimfungia unga kwenye leso. Hawakuonana tena.

Sasa Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, nyumba zile kuukuu ziko mikononi mwa kaunti, na katika mtaa wa Bondeni kumeshainuka maghorofa. Kila yanapozuka mazungumzo ya kubomoa zilizosalia, wanaume huuliza kuhusu uwanja na ukumbi. Waulize, ni haki yao. Mimi nimeingia katika ghorofa moja jipya kumtembelea mpwa wangu. Maji yako ndani, unafungua kwa kidole, nami nilisimama jikoni nikiyatazama mpaka akaniuliza, "Shangazi, kuna nini?" Anayesema kwamba foleni ya mfereji ilikuwa raha, huyo hakuipanga.

Lakini nguo zake zilikuwa zinakaukia sebuleni, juu ya kochi, kwa kuwa hakuna kamba wala mahali pa kuifunga. Jirani wa mlango unaotazamana na wake hamjui jina, naye mpwa wangu ana mtoto wa miezi minne. Nilipomuuliza mtoto akiugua usiku atamgongea nani, alinionyesha simu.

Ombi langu kwa wachoraji wa nyumba hizo ni dogo. Kabla ya kushika penseli, waketi na akina mama waliowahi kupanga madebe wawaulize: kamba za nguo zipite wapi, karai lioshewe wapi, mama wa mboga aketi upande upi wa ngazi, na ni mahali gani watu watalazimika kukutana hata kama hawapendani. Wasitumie fomu. Waende asubuhi, wakae, waandaliwe chai.

Mwezi uliopita nilipita pale kwetu. Mfereji ulishang'olewa, limebaki bomba limeziba kwa kutu. Saruji ya chini yake bado ipo, imelika katikati kwa makalio ya madebe, na mama mmoja kijana alikuwa amepanga nyanya juu yake. Nilinunua za shilingi hamsini. Akaniongeza moja.

Msomaji wako,
Nakuru